Bima haramu, likizo ya uzazi nayo haramu?

  

Ndugu zangu Waislamu, mara nyingi katika kurasa kama hizi tunaandika juu ya dhulma tunazofanyiwa na wengine. Ni haki yetu kuandika, na dhulma hizo zipo. Lakini leo naomba tufunge mlango tuzungumze wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu ipo dhulma tunayofanyiana ndani ya majengo yaliyoandikwa Bismillahi getini, na wanaoionja zaidi ni dada zetu wanaofundisha katika shule zetu binafsi. Nazungumzia likizo ya uzazi, michango ya hifadhi ya jamii na bima za wafanyakazi. Na nitaanza na nafsi yangu, maana katika jambo hili sikuwa mtazamaji tu.

Mwaka 2017 nilikuwa mwalimu wa taaluma katika sekondari moja ya Kiislamu hapa Dar es Salaam. Jina la shule sitalitaja. Nikilitaja itaonekana kuwa tatizo ni la shule ile peke yake, na wengine watapumua. Tulikuwa na dada mmoja aliyefundisha Biolojia na Kemia, kidato cha tatu na cha nne. Alikuwa mwalimu hasa, yule ambaye wanafunzi humfuata mpaka ofisini na madaftari. Mimba yake ilipofikisha miezi sita aliandika barua kwa uongozi, akaambatanisha cheti cha kliniki, kama sheria inavyotaka.

Hakujibiwa kwa barua, aliitwa akajibiwa kwa mdomo. Aliambiwa likizo atapata, ila hapa si serikalini, mshahara utasimama mpaka atakaporudi. Akauliza kuhusu mafao ya uzazi ya NSSF, maana kila mwezi alikuwa akikatwa. Akaambiwa suala hilo linashughulikiwa. Akauliza, basi walau bima ya afya kwa ajili ya kujifungua? Hapo akasomewa dini. Akaambiwa bima ni haramu, ina riba na kamari ndani yake, na Muislamu anatakiwa amtegemee Allah.

Nilikuwepo katika kikao hicho, na nilinyamaza.

Alijifungua salama, alhamdulillah. Siku ya 42 alikuwa amesharudi darasani. Aliyempigia simu arudi ni mimi. Mtihani wa moko ulikuwa umekaribia na vipindi vyake vilikuwa havina mtu. Nilimwambia, "Dada, wanafunzi wanakutegemea, na ajira siku hizi unazijua." Sikulala nikifikiri nimetisha mtu; niliona nimetoa nasaha. Leo nikiyasikiliza maneno yale nasikia kitisho kilichovishwa kanzu.

Alikuwa akiishi Mbagala. Akitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, daladala mbili, mtoto akimwacha kwa binti wa dada yake. Ratiba niliyompangia mimi ilikuwa na vipindi sita mfululizo na mapumziko ya kawaida ya saa nne. Ikifika saa nne kifua kimejaa kinauma. Akiingia stoo ya maabara, anafunga mlango, anakamua maziwa na kuyamwaga kwenye sinki, anarudi kufundisha. Nyumbani mtoto ananyweshwa maziwa ya ng'ombe. Siku moja maziwa yalipenya mpaka kwenye baibui katikati ya kipindi, akakiweka kitabu cha kiada kifuani na kufundisha hivyo hivyo mpaka kengele ilipolia. Haya nilikuja kuyajua baadaye, aliponieleza mwenyewe.

Wiki ile ile mimi nilikuwa kidato cha pili, nafundisha Makhalifa waongofu. Nilikuwa nimefika kwa Sayyidna Umar bin Khattab (RA) na kisa kilichopokewa na Ibn Saad katika Tabaqat. Msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina ukapiga kambi usiku. Umar akamwambia Abdurrahman bin Auf wakeshe pamoja kuulinda. Katika kukesha kwao akasikia mtoto mchanga analia. Akamwendea mama yake, akamwambia amche Allah na amtulize mtoto. Akaondoka, kilio kikarudi. Akaenda tena. Mwisho wa usiku, mara ya tatu, akamlaumu yule mama, kwa nini mwanawe hatulii? Mama yule hakujua anazungumza na nani. Akamjibu kuwa umenichosha usiku huu, mimi namwachisha ziwa naye anakataa. Kwa nini unamharakisha? Kwa sababu, akasema, Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyekwisha kuachishwa.

Alfajiri Umar aliswalisha na watu hawakuweza kusikia vizuri kisomo chake kwa kilio. Alipotoa salamu alijililia mwenyewe, ni watoto wangapi wa Waislamu amewaua bila kujua! Akaamuru itangazwe kwamba akina mama wasiharakishe kuwaachisha watoto wao, na kwamba kila mtoto anayezaliwa katika Uislamu atakuwa na posho yake tangu siku ya kuzaliwa. Akaandika barua hiyo kwenda majimboni kote.

Nilipomaliza, binti mmoja wa mstari wa nyuma alinyoosha mkono. Akauliza, "Ustadhi, sasa aliyeiondoa hiyo sheria ni nani?"

Nikamwambia tutaendelea kipindi kijacho.

Ndugu msomaji, hebu tazama kisa hiki kwa makini. Umar hakuwa amemdhulumu yule mama kwa makusudi. Aliweka utaratibu, na utaratibu huo ulionekana wa busara, maana mtoto anayenyonya hali chakula cha hazina. Lakini utaratibu huo ulipita ndani ya nyumba ukamfanya mama amnyime mwanawe ziwa. Umar alipolijua hilo hakusema "hali ya hazina hairuhusu". Hakusema mama avumilie kwa ajili ya Allah. Alilia, kisha akabadilisha kanuni asubuhi ile ile. Ratiba yangu nayo ilikuwa utaratibu wa busara. Nayo ilimwachisha mtoto ziwa.

Kwa hakika anayesoma dini yetu bila haraka ataona kwamba Sharia imempa nafasi mama mjamzito na mama anayenyonyesha kuliko ofisi yoyote ya ajira. Ramadhani ni nguzo ya Uislamu. Pamoja na hivyo, katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (SAW) ameeleza kwamba Allah amemwondolea mjamzito na mnyonyeshaji uzito wa saumu, akiwataja pamoja na msafiri. Katika swala, Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume (SAW) alikuwa akianza swala na nia ya kuirefusha, akisikia kilio cha mtoto anaifupisha, kwa sababu anajua mama yake aliye nyuma anavyoumia moyoni. Hata katika hukumu ya hadd, yule mwanamke wa Kighamidi aliyekuja mwenyewe kukiri, katika Sahihi Muslim, alirudishwa mpaka ajifungue, kisha akarudishwa tena mpaka mtoto aachishwe ziwa.

Saumu imesubiri. Swala ya jamaa nyuma ya Mtume (SAW) imefupishwa. Hadd ya Allah imecheleweshwa. Mtihani wa moko wa mkoa ndio usiosubiri?

Wapo watakaosema, mbona Qur'an katika Suratul Baqarah aya ya 233 imeweka chakula na mavazi ya mama anayenyonyesha juu ya baba wa mtoto? Dada huyo ana mume, basi mume amlishe. Nimeisikia hoja hii kwa masikio yangu kutoka kwa mjumbe wa bodi, tena mtu wa swala tano. Jibu lake ni jepesi. Ni kweli, nafaka ni juu ya mume. Lakini mshahara si nafaka. Mshahara ni haki ya mfanyakazi kwa mkataba wake, na Suratun Nisaa aya ya 32 imebainisha kwamba wanawake wana fungu lao katika walichokichuma kama wanaume walivyo na lao. Mume akimlisha mkewe ametekeleza wajibu wake yeye. Hajalipa deni la shule. Na mbona mwalimu mwanamume akiugua hatumwambii baba yako yupo, akulishe?

Mwingine, mjuzi zaidi, atauliza, je, ujira wa kazi ambayo haikufanyika ni halali? Swali zuri. Ni halali, kwa sababu ni sehemu ya mkataba. Shule inamlipa mwalimu mwezi wa Desemba wanafunzi wakiwa likizo, wala hakuna anayesema amekula haramu. Aya ya kwanza kabisa ya Suratul Maidah inawaamrisha waumini watekeleze mikataba, na Mtume (SAW) ametufundisha kuwa Waislamu wanafungwa na masharti waliyowekeana, ila sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Likizo ya mzazi yenye malipo haihalalishi haramu yoyote. Na shule iliposajiliwa, ikaajiri, ikasainisha watu, ilijua sheria ya nchi inataka nini, au ilipaswa kujua.

Na sheria inataka nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikutenga shule binafsi, wala haikutenga shule za dini. Mama aliyejifungua ana siku 84 za likizo kwa mshahara kamili, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Anatakiwa kutoa taarifa angalau miezi mitatu kabla, na cheti cha daktari. Ndani ya wiki sita baada ya kujifungua harudi kazini ila daktari athibitishe kwamba anaweza. Akirudi, akiwa ananyonyesha, mwajiri anatakiwa kumruhusu mpaka saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, amnyonyeshe mwanawe. Mama aliyejifungua mtoto njiti naye ameongezewa muda kwa marekebisho ya mwaka 2025. Baba ana siku tatu. (Nami nilipopata mtoto wa kwanza sikuzichukua, kwa sababu sikujua zipo. Shahada ninayo.) Na kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya mimba ni uachishaji usio halali.

Hii ya mwisho ndiyo inayokwepwa kwa ujanja. Hakuna mkuu wa shule atakayeandika barua kwamba nimekufukuza kwa kuwa una mimba. Kinachofanyika ni mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Ikifika Desemba, aliyeonekana tumbo au aliyerudi na mtoto mchanga anaambiwa shule inapunguza walimu. Januari anaonekana mwalimu mpya wa somo lile lile, kijana, hajaoa. Jambo hili watu wanalifanya wakidhani mkataba ukishakwisha basi wameshatoka katika dhima. Hata kwa sheria ya nchi hawajatoka, maana mfanyakazi aliyekuwa na sababu ya msingi ya kutarajia mkataba wake ungeendelea anahesabiwa kuwa ameachishwa kazi, naye anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ama kwa Allah, anayejua kwa nini jina lile lilikatwa katika orodha, hilo la tarehe ya mkataba sijui litasaidia nini.

Bima ni haramu?

Sasa tuje kwenye neno hili, maana ndilo linalowanyamazisha walimu wengi. Mwalimu akisomewa dini hana la kujibu.

Ukweli ni kwamba masheikh wamelizungumza suala la bima kwa kina, na pingamizi lao si la kudharau. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Desemba 1985, iliamua kwamba mkataba wa bima ya kibiashara, ile ya kampuni inayouza dhamana kwa malipo maalumu, una gharari kubwa inayouharibu, hivyo ni haramu. Wapo wanazuoni walioona tofauti, akiwemo Sheikh Mustafa az-Zarqa, lakini kauli ya wengi ndiyo hiyo. Mimi si mufti na siji hapa kuihalalisha.

Lakini kwa nini tunaisoma fatwa nusu? Azimio lile lile lilieleza mbadala, nao ni bima ya ushirikiano, watu kuchangiana kwa nia ya kusaidiana, mwenye kupatwa akapewa. Hiyo ndiyo inayoitwa takaful. Wanazuoni wanapoieleza asili yake hurejea kwenye mfumo wa aaqila, ukoo kuchangia diya ya mmoja wao aliyeua kwa bahati mbaya, mfumo ambao Mtume (SAW) aliupitisha, tena katika kesi ya wanawake wawili wa Hudhayl ambapo mmoja alimpiga mwenzake mjamzito akafa yeye na kilichomo tumboni. Na wapo Ash'ariyyun, ambao Mtume (SAW) aliwasifu kwa sababu chakula kikiwapungukia walikikusanya pamoja wakagawana sawa. Kwa hiyo anayesema Uislamu umekataza wafanyakazi kuwekeana kinga ya pamoja, huyo ameusema Uislamu uongo.

Kisha tutenganishe mambo. Likizo ya uzazi yenye malipo si bima hata kidogo. Ni sharti la ajira kati ya mwajiri na mwajiriwa, hakuna kampuni katikati, hakuna premiamu. Kuitia katika hukumu ya bima ni kuchanganya watu.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, unachangiwa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Tangu mwaka 2022 kiwango chake ni nusu asilimia ya mshahara. Mwalimu akiunguzwa na tindikali maabara au akianguka ngazi za bweni, mfuko huo ndio wa kumtibu na kumfidia. Kwa mwalimu wa mshahara wa shilingi 400,000, shule inachangia shilingi 2,000 kwa mwezi. Nani ataniambia kwamba shilingi 2,000 hizo ndizo alizoziogopa kwa ucha Mungu?

NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida 10 za mfanyakazi na 10 za mwajiri. Mwanachama mwanamke aliyechangia kwa kipindi kinachotakiwa, angalau miezi 36, ana mafao ya uzazi. Wapo wenye wasiwasi na mahali mfuko unapowekeza fedha zake, na wasiwasi huo nauheshimu. Lakini angalia ajabu hii: shule inayosema ina wasiwasi na NSSF inamkata mwalimu asilimia 10 yake kila mwezi, kwenye karatasi ya mshahara imeandikwa, na haipeleki! Hapa hakuna ikhtilafu ya madhehebu. Ile ni amana. Fedha ya mtu imetoka kwenye mfuko wake ikaingia kwenye rangi ya ukuta na dizeli ya basi la shule. Dada yetu yule alipokwenda ofisi za NSSF na kadi yake alikuta michango ya miezi saba tu, na alikuwa amekatwa kwa miaka mitatu na nusu. Mafao hakupata. Bukhari amepokea hadithi Qudsi ambayo Allah anawataja watu watatu atakaokuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Asilimia 10 ile ilikuwa sehemu ya ujira wake.

Ama bima ya afya, Bunge limepitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na waajiri wa sekta binafsi wamo ndani yake, mchango unagawanywa kati yao na wafanyakazi. Mwenye shule ambaye moyo wake haujatulia, atafute mpango unaokubalika kisharia, aulize wajuzi, ashirikiane na wenzake. Ninachokikataa ni kitu kimoja. Mtu akijizuia na bima kwa ajili ya wara', basi zile fedha ambazo angechangia aziweke pembeni, ziwatibu walimu wake. Kama anajizuia na fedha zinabaki kwake, huo sio wara'. Amepata faida kwa kutumia jina la dini, na aliyelipa gharama ya ucha Mungu wake ni mwanamke aliyelala wodini akisubiri mume akope.

Na tawakali? Mtume (SAW) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha atawakali. Shule hiyo hiyo iliyotufundisha tawakali ilikuwa imemkatia bima basi lake.

Fedha zitatoka wapi?

Nitakuwa mwadilifu. Shule zetu nyingi hazina fedha. Nimekaa katika vikao vya bodi, nimeona hesabu. Mzazi analipa ada ya Januari mwezi wa Juni, na akikumbushwa anasema hii si ndiyo shule yetu Waislamu? Mzazi huyo huyo ana mtoto mwingine shule ya watu wengine, na kule analipa kabla ya kengele ya kwanza. Wewe msomaji unayedaiwa ada na shule ya Kiislamu, likizo ya dada yule imo pia katika deni lako. Mtume (SAW) amesema kuchelewesha malipo kwa mwenye uwezo ni dhulma, na dhulma hiyo haikuishia kwa mhasibu.

Lakini hesabu yenyewe haitishi kama inavyosemwa. Mwalimu wa mshahara wa shilingi 400,000 akikaa siku 84 atalipwa karibu shilingi 1,120,000. Fedha hizo zilikuwa tayari kwenye bajeti, maana asingezaa ungemlipa. Kinachoongezeka ni malipo ya mwalimu wa muda atakayeshika vipindi. Tuseme naye akalipwa kiasi kile kile chote. Kwa shule ya wanafunzi 300, haifiki shilingi 4,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Mahafali ya kidato cha nne hugharimu zaidi ya hapo, na maturubai hayanyonyeshi. Na likizo nyingi za uzazi huangukia kwa sehemu katika likizo za Juni au Desemba, ambapo hata huyo wa muda hahitajiki.

Shule tano za eneo moja zinaweza kuwa na mfuko wa pamoja wa uzazi, kila shule ikachangia kidogo kila mwezi, na shule itakayopata mzazi ikachukua. Zinaweza kuazimana walimu. Chumba kimoja chenye pazia, kiti na jokofu dogo hakihitaji mfadhili kutoka nje. Haya yote ni mambo ya kikao kimoja baada ya swala ya Alasiri.

Kinachokwamisha, nionavyo mimi, ni neno "fi sabilillah" tunavyolitumia. Anayejitolea ni yule anayetoa cha kwake kwa hiari yake. Huwezi kumjitolea mwenzako. Mwalimu akitaka kusamehe mshahara wake kwa ajili ya Allah, atasamehe baada ya kupewa mkononi.

Niwaombe akina dada walimu jambo moja la vitendo. Wiki hii hii ulizia taarifa ya michango yako NSSF. Usisubiri mimba. Barua ya likizo iandike, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Suratul Baqarah aya ya 282, ndefu kuliko zote katika Qur'an, imekuja kutufundisha kuandikiana. Na nyinyi akina kaka mlio katika ofisi za taaluma, mnaopanga ratiba, msiseme uamuzi ni wa bodi. Vipindi sita mfululizo sikupangiwa na bodi.

Dada yetu yule mkataba wake haukuongezwa Desemba ile. Alipata kazi katika shule ya mission, na huko alipozaa mtoto wa pili alipewa siku zake 84 na mshahara wote, akaoneshwa chumba cha kunyonyeshea. Anafundisha na hijabu yake, hakuna aliyemuuliza. Sisi tulikuwa naye, na dini yetu, na kisa cha Umar katika silabasi.

Mwaka jana nilimfuata nyumbani kwake, mumewe akiwepo, kumwomba radhi kwa ile simu na ile ratiba. Alinikaribisha, akaleta chai. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa upande wangu nimekusamehe, Ustadhi. Lakini yale maziwa hayakuwa yangu mimi. Mwenyewe bado hajabalehe, hawezi kusamehe."

Mtoto alikuwa sebuleni pale pale, anafanya kazi za shule. Aliniamkia, akaendelea kuandika.